Mlango wa Ishirini na Tatu

Mdogo wangu Hawa alipokuja kwangu Kibamba mwezi uliopita alikuwa na begi moja, kiroba cha korosho, na binti yake Fatu wa miaka saba. Shangazi yetu, aliyemlea Hawa kule Masasi, alikuwa amefariki. Nilikwenda kumzika nikarudi, arobaini wakaisoma wao, na baada ya hapo Hawa akanipigia simu akasema nyumba imekuwa kubwa mno, anaomba aje akae kidogo. Siku ya kwanza mchana nilipika wali na kunde za nazi. Tulikaa mkekani, nikafunua sufuria, na kabla sijachota upawa wa kwanza yule mtoto akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama kuna chumvi, "Mama mkubwa, leo tunakula ngapi?" Niliurudisha upawa sufuriani. Nilimtazama Hawa. Alikuwa anamnawisha mwanawe, hakuinua uso. "Nani kamfundisha?" nikauliza. "Bibi yake," akajibu. Nikasema naona mchuzi unataka ndimu, nikainuka kwenda jikoni, nikasimama huko mbele ya dirisha. Ndimu zilikuwa pale pale mkekani, kila mtu aliziona.

Lile neno lilikuwa letu. Lilikuwa letu watatu, mimi na wadogo zangu Twalib na Hawa, katika chumba kimoja cha kupanga Tandika, mwaka ule mmoja, na nilidhani lilikufa huko. Baba alikuwa ametangulia, mama akafuata, na siku ya arobaini ya mama wazee wa ukoo walikaa uani kuzungumza habari zetu kwa sauti ya chini ambayo kila neno lake tulilisikia. Shangazi Fatu, dada yake baba, alitaka tugawanywe: mmoja kwa huyu, mmoja kwa yule, kama wanavyofanya watu wote. Mimi nilikuwa sijatimiza miaka kumi na minane na nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, lakini nilitoka nikawaambia hatugawanyiki. Mjomba mmoja akacheka, akasema huyu kaanza kuwa baba yake. Shangazi hakucheka. Alinitazama kwa muda, akasema, "Haya, Somoe. Nakupa mwaka. Ukiisha nakuja mwenyewe. Nikikuta wanakula na wanasoma, nawaacha. Nikikuta vingine, nachukua." Ndivyo mwaka ule ulivyoanza, na kila nilichokifanya ndani yake, hata kucheka, nilikifanya nikiuhesabu.

Kazi niliipata Temeke, kwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu ambaye familia yao ilikuwa na duka la jumla tangu enzi za babu yake. Wanaume wa nyumba ile waliuza dukani. Yeye alikuwa wakala wa forodha, na ofisi yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka, nusu meza na nusu ghala. Alishughulikia mabaki tu. Viwanda vya unga, vya mafuta, vya sukari na vya pombe vikishatoa vilichokitaka, kile kilichosalia ndicho kilichokuja kwetu: pumba za ngano, mashudu ya alizeti, machicha ya shayiri yaliyokaushwa, molasi kwenye mapipa. Vyote hivyo vilikwenda nje kulisha mifugo, na Bi Zuwena alivipitisha bandarini. Nikiifikiria leo ile ofisi, harufu ndiyo inayotangulia, kabla ya sura ya mtu yeyote. Mashudu yananukia kama karanga zilizosahauliwa jikoni. Molasi inanukia utamu wenye uchungu nyuma yake. Pumba za ngano mpya, ukiingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, zina ujoto mdogo, na harufu yake ni ya mkate ambao bado haujapikwa. Hata sasa nikipita Manzese karibu na mashine ya kusaga huwa napunguza mwendo.

Nilianza kwa kufagia, kisha nikapewa sampuli. Kila mzigo ulipokuja nilichota kidogo katika magunia ya juu, ya kati na ya chini, nikachanganya, nikagawa mafungu: moja la forodha, moja la mnunuzi, moja la kabati letu, likae na lakiri yake mpaka meli ifike salama. Lakini kabla ya yote hayo ilibidi kila kitu kijulikane kinakaa wapi. Bi Zuwena alikuwa na kitabu kikubwa cha ushuru, na sura zake hakuziita chapta kama maafisa, aliziita milango. "Kila kitu ulimwenguni kina mlango wake, mwanangu," alisema. "Ukikipitisha mlango si wake, umekidhulumu na umejidhulumu." Samaki mlango wa tatu. Kunde na maharage wa saba. Nazi wa nane, chai wa tisa, mchele wa kumi, unga wa kumi na moja, mafuta ya kula wa kumi na tano, sukari wa kumi na saba, mkate na maandazi wa kumi na tisa. Na vitu vyetu, mabaki yote ya chakula na vinywaji, wa ishirini na tatu, ila molasi tu iliyobaki na sukari. Hakunifundisha kwa kitabu. Alinifundisha kwa chakula cha mchana. Hotipoti ilikuja kutoka ndani, tukakaa juu ya magunia, yeye, mimi, na Ngonyani aliyekuwa mkuu wa wapakizi, na hakuna aliyepewa sahani kabla hajasema anakula ngapi.

"Haya, Ngonyani. Huyu samaki?"

"Huyu changu, anakaa tatu."

"Na akiwa keshapikwa, katiwa nyanya, kafungwa koponi?"

"Bi mkubwa, akishapikwa mie simuulizi anakaa wapi. Namkaribisha kwangu."

"Kumi na sita," nikasema mimi.

"Mpe Somoe sahani. Ngonyani angoje."

"Sawa, na mie mwenyewe nakaa ngapi? Maana nyie mnapanga kila mtu."

"Wewe wa kwanza kabisa," Bi Zuwena akamwambia bila kutabasamu. "Wanyama walio hai. Na punda ndo anayeanza."

Ngonyani alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa anaingia ghalani akisema, "Shikamoo Bi mkubwa, mlango wa kwanza kaingia."

Mchezo ule niliupeleka nyumbani jioni ile ile. Sikuwa na hadithi za kuwapa wadogo zangu, na mama alikuwa fundi wa hadithi. Nikaona niwape namba. Twalib, aliyekuwa darasa la sita, alizishika upesi akaanza kunishinda. Hawa alikuwa na miaka sita, hakuelewa ushuru wala bandari, ila alielewa kwamba chakula hakiliwi mpaka kipewe namba. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, jamvi, ndoo mbili, na dirisha lililotazama uani kwenye jiko la mpangaji mwenzetu, na kila jioni Hawa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akauliza, "Dada, leo tunakula ngapi?" Kumi na moja na saba, nikamjibu, maana ilikuwa ugali na maharage. Kumi na moja na tatu. Kumi na moja na saba. Kumi na moja na saba. Siku moja kumi peke yake, na chumvi. Ukisema namba, umaskini unapungua sauti. Mtoto anayelala na ugali na maharage wiki nzima anajua amelala na ugali na maharage; Hawa alilala akijua amekula kumi na moja na saba, na hiyo kwake ilikuwa habari ya kumwambia mwanasesere wake wa matambara.

Sampuli za kabatini zilipomaliza kazi, Bi Zuwena alizitoa. "Chukua hizi pumba, kawape kuku wako," aliniambia mara ya kwanza, na mimi nikaitikia ahsante. Kuku sikuwa nao. Zilikuwa pumba laini za ngano, safi, zimetoka kinuni wiki chache tu nyuma. Nilizipeleka nyumbani, nikazichekecha, nikazipitisha kidogo kwenye kikaango kikavu mpaka zikanukia, nikachanganya na unga mweupe kiasi nilichokuwa nacho, kitunguu na chumvi, nikasukuma chapati. Zilitoka nyeusi nyeusi, nzito, zenye utamu wa karanga kwa mbali. Twalib alikula akalamba vidole, ndipo akauliza ngapi hii. Nilifikiri kumdanganya, nikashindwa. "Ishirini na tatu," nikasema. Hawa akapiga makofi. Ilikuwa namba kubwa kuliko zote alizowahi kula. Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaomba vya Twalib, na tangu siku ile alipotaka kusema kitu ni kizuri kupita kiasi, nguo, mvua, sauti ya mwadhini, alisema ni ishirini na tatu. Mimi niliwaonya jambo moja tu: namba hiyo isitajwe nje ya mlango wetu.

Bi Zuwena alijua, au nadhani alijua. Kila Ijumaa aliniuliza, "Kuku wako hawajambo?" nami nikamwambia hawajambo, wanataga. Baada ya muda fungu la pumba likaanza kuja na kikaratasi cha unga mweupe pembeni, na siku nyingine kikombe cha sukari. "Kuku wa siku hizi wapenda vitamu," alisema akitazama kwingine. Sasa amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na mara nyingi najiuliza kwa nini hatukuambiana lile jambo wazi. Nadhani alinistahi. Nami nilimstahi kwa kumpa habari za kuku: jogoo aliyekuwa mkorofi, koo aliyehatamia. Twalib alisema kuku wetu wakiendelea hivyo itabidi tuwahamishie Mbweni kwenye uwanja mkubwa.

Mwaka ulipokaribia kuisha Shangazi akatuma salamu kwamba atafika Jumamosi. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeweka mchele mzuri kwenye kopo, nimeagizia samaki, na daftari za Twalib nimezipanga juu ya kitanda ili azione akiingia. Wali, samaki, nazi: kumi, tatu, nane. Nilikuwa naisoma ile namba moyoni kama mtu anayerudia sura kabla ya kusalisha. Ijumaa nikaenda kazini kama kawaida, na siku hiyo ndiyo mzigo wetu wa pumba ulipozuiwa bandarini. Afisa aliyeukagua alifungua gunia akasema hizi nyeupe mno, hizi mbona kama unga. Kama ni unga basi ni mlango wa kumi na moja, na unga ulikuwa na kibali chake ambacho sisi hatukuwa nacho. Bi Zuwena akanichukua twende, kwa kuwa ni mimi niliyechota sampuli. Afisa alikuwa kijana mpole, mtu wa utani. Alimimina pumba kiganjani, akazisugua, akanusa, akaweka chache ulimini.

"Bi mkubwa, mie naona hii inaliwa. Nipe hii na mlenda uone kama nitarudisha sahani."

"Baba, kuliwa kila kitu chaliwa," Bi Zuwena akasema. "Kitabu chako hakiulizi nani anakula. Kinauliza kimebaki nini ndani yake baada ya kutolewa kilichotolewa. Pima wanga, pima majivu, ndipo useme."

"Tutapima, hilo halina ubishi. Ila wewe sista," akanigeukia mimi, akinyoosha kiganja chake, "wewe umeishika hii kuliko sisi wote. Uswahilini kwenu hii wanakula watu?"

Chapati mbili za pumba zile zile zilikuwa tumboni mwangu tangu asubuhi. Nilimwona Bi Zuwena akirekebisha mtandio wake, akitazama dirishani.

"Ni pumba," nikasema. "Ni za mifugo."

"Haya," akasema, na akaandika. Kisha akataka nisubiri fungu la maabara lipigwe lakiri mbele yangu, na lakiri ikachelewa, na mimi nikakaa kwenye benchi nikiangalia jua likiteremka ukutani, sina haraka, kwa sababu mgeni wangu ni wa kesho.

Mgeni wangu alikuwa amekwisha fika. Shangazi alipata gari mapema akaona hakuna sababu ya kungoja, akaingia Tandika saa nane mchana na kiroba cha korosho kichwani. Yaliyotokea aliniambia Twalib. Walimpokea, wakamwamkia, wakamtandikia jamvi, na kwa kuwa mgeni hakai na njaa, wakashauriana wampe nini. Kwenye kopo kulikuwa na mchele, lakini huo waliambiwa ni wa kesho. Chini ya kawa kulikuwa na chapati nne. Hawa ndiye aliyesema wampe hizo, maana ndizo nzuri kuliko vyote tulivyonavyo. Wenyewe hawakula, wakamwachia. Shangazi alikula tatu, akasifu, akauliza ni unga gani huu mtamu, mbona Masasi hatuna. Na Hawa, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake akimtazama mgeni anavyofurahi, akajaa fahari akasema, "Ni ishirini na tatu, Shangazi! Dada anatuleteaga kutoka ofisini. Zingine wanapelekewa mbuzi wa Uarabuni."

Niliporudi nilimkuta Shangazi amekaa wima, mikono mapajani, na chapati ya nne mbele yake. Nilimwamkia akaitikia vizuri. Akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Somoe, hiki ni nini?"

"Chapati, Shangazi."

"Za nini?"

"Za pumba. Ni safi, nazichekecha mwenyewe. Angalia watoto, angalia mashavu. Twalib kawa wa tano darasani, daftari zile pale."

"Nimeziona. Hongera. Nakuuliza hiki. Huko ofisini kwenu, kwenye hicho kitabu mnachosoma, kimeandikwa ni cha nani?"

Ningeweza kusema kitabu hakiulizi nani anakula. Maneno yalikuwa mdomoni, nilikuwa nimetoka kuyasikia. Lakini yangu nilikuwa nimekwisha kuyasema mbele ya afisa, na siku ile sikuwa na ulimi wa pili.

"Cha mifugo," nikasema.

"Basi," Shangazi akasema. Hakupandisha sauti, hakunisimanga, hata hakutikisa kichwa. Alimvuta Hawa karibu akaanza kumfumua nywele amsuke kwa safari. "Twalib mkubwa, akae na wewe. Huyu nakwenda naye. Sikuchukulii, nakupokea mzigo mmoja."

Nililia, niliomba, nilimwambia nimekesha mwaka mzima kwa ajili ya kesho. Wali wa kesho ulipikwa, na samaki, na nazi, tukaula wanne, na Hawa hakuuliza ngapi. Jumapili waliondoka. Sitasema mengi juu ya kituo cha mabasi. Alivaa gauni la njano, mwanasesere kwapani, akaniuliza kama Masasi kuna ishirini na tatu. Nikamwambia iko.

Majibu ya maabara yalitoka baadaye: ni pumba, mlango wa ishirini na tatu, mzigo upite. Ngonyani alishangilia ghalani. Mimi nilipakia sampuli kabatini. Bi Zuwena aliniuliza kuku hawajambo, na kwa mara ya kwanza nilimwambia mmoja ametoka. Akaja akakaa karibu nami juu ya gunia, bega kwa bega, mpaka adhana ya alasiri. Kwake nilifanya kazi miaka mingi, nikawa karani, nikawa mkono wake, na leo kazi hiyo naifanya kwa jina langu. Twalib alimaliza shule, ni fundi wa kupaua nyumba, na sasa kweli anafanya kazi Mbweni, ila kuku hana. Hawa niliendelea kumwona, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye simu. Akakua akiongea kama watu wa kule, ananiita Dada kwa adabu, anakula anachopewa. Baada ya yeye kuondoka, jioni tulibaki wawili chumbani, na siku moja Twalib alikaa juu ya ile ndoo bila kufikiri, akainuka upesi kama aliyekalia mtu. Namba hatukuzitaja tena. Nimezitaja kila siku ya maisha yangu kwa maafisa, na nyumbani kwangu sikuzitaja hata mara moja.

Basi usiniulize nilivyosimama mbele ya lile dirisha la jikoni. Mchana ule wa Kibamba Hawa alinifuata. Alichukua ungo wa mchele wa jioni akaanza kuchambua, akaniambia bila kunitazama. Alipofika Masasi, alisema, hakula. Waliweka ugali, hakula. Wakaweka wali, hakula. Shangazi alimbembeleza, akamtisha, akamwita mganga. Siku ya tatu akamuuliza, mwanangu unataka nini, naye akasema hamjasema ngapi. "Akaniuliza, ngapi nini? Nikashindwa kumweleza, Dada, nilikuwa mdogo. Nikamwambia, Dada husema namba, ndo tunakula. Akakaa akafikiri, akasema: haya, huu nne. Nikala." Kuanzia hapo kila mlo Shangazi alisema namba, mpaka alipougua, mpaka kwa mjukuu. Alizitunga tu. Ugali nne, mihogo saba, kisamvu mbili.

"Na ishirini na tatu?" nikauliza.

"Hiyo niliililia sana. Kila siku namuuliza lini. Alijua nataka zile chapati nyeusi, ila pumba hakutaka kunilisha. Alipika za mtama, za uwele, nasema siyo." Hawa alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Sikukuu ya Idi akapika pilau ya kuku. Alipofunua akasema, leo ndo ishirini na tatu. Nilionja, nikajua siyo. Lakini alikuwa ananitazama, Dada. Nikamwambia ndiyo, ndo yenyewe. Akalia. Sijawahi kumwona analia tena."

Miaka yote ile nilidhani Shangazi aliisikia ile namba mara moja tu, mchana ule Tandika, na akaichukia.

Ijumaa iliyopita Twalib alikuja kutoka Mbweni. Asubuhi nilikuwa nimekwenda sokoni Tandale, nikatafuta mpaka nikapata pumba laini za ngano, na muuzaji akaniuliza, "Mama, una kuku wangapi?" Nikamwambia watatu. Nilizichekecha, nikazikaanga kavu, nikasukuma chapati. Hawa kwa upande wake alikuwa ameinjika pilau, ile ishirini na tatu anayoijua mwanawe. Tukaviweka vyote mkekani. Twalib alipoiona ile sinia ya chapati nyeusi alivua kofia akaishika mkononi. Fatu akanawa, akakaa, akauliza ngapi, na mimi na mama yake tukajibu kwa pamoja. Mtoto akatazama pilau, akatazama chapati, akakunja uso.

"Mbona ishirini na tatu ziko mbili?"

"Ni moja," Hawa akasema. Akakata kipande cha chapati, akachotea pilau, akamlisha.